Somo la Majilio: Umeme Nyumbani Siku za Baridi na za Sikukuu



Somo la mwezi huu ni la nyumbani kabisa, nalo lafaa kusomwa kabla Krismasi haijafika, siyo baada yake. Twajua ya kwamba jamaa nyingi za mtaa wetu zina mtoto, shemeji au mjukuu anayekaa Uingereza au Marekani. Huko Krismasi huangukia katikati ya baridi kali. Mtu aliyelelewa Mvumi au Muheza, ambako mwezi wa Desemba ni wa joto na mvua, hafundishwi na mtu namna ya kuishi na umeme mwingi ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha. Hujifunza mwenyewe, na wakati mwingine hujifunza kwa hasara. Basi tusome pamoja, kisha tuwapelekee wenzetu walio mbali.

Neno tunalotaka likumbukwe ni hili: kila waya una kipimo chake, nasi imetupasa kuhesabu kabla ya kuchomeka.

1. KWA NINI MAJIRA HAYA YANA HATARI

Mwishoni mwa Desemba jua la London huchomoza kama saa 2 asubuhi, na kabla ya saa 10 alasiri limekwisha kutua. Taa huwaka karibu kutwa. Watu hukaa ndani, na watoto wamefunga shule. Juu ya taa za kila siku huongezwa taa za mti wa Krismasi. Juu ya jiko na birika la umeme huongezwa hita, yaani chombo cha kuotea joto. Wageni wakija, hutafutwa hita ya pili kwa chumba cha wageni. Lakini soketi za ukutani haziongezeki. Ni zile zile za mwezi wa Juni.

Hapo ndipo watu hutumia waya wa kuongezea wenye soketi nyingi, ambao wengi huuita ekstensheni. Ekstensheni ni chombo chema, ila yaweza kumdanganya mtu. Ina matundu manne au sita, na mtu akiona tundu tupu hudhani ya kwamba lina umeme wake. Siyo hivyo. Matundu yote sita hunywa kwa waya mmoja, kama vile mabomba sita yaliyounganishwa na mpira mmoja.

2. HESABU YA UMEME

Hesabu yenyewe si ngumu. Mtoto wa darasa la sita aiweza. Yako maneno matatu. Volti ni msukumo wa umeme. Ampea ni wingi wa umeme unaopita katika waya. Wati ni kazi inayofanywa na chombo. Ukigawa Wati kwa Volti, wapata Ampea.

Uingereza msukumo ni Volti 230. Ekstensheni ya kawaida huko hupimwa kwa Ampea 13. Zidisha 13 kwa 230, wapata Wati 2990, tuseme 3000. Huo ndio mwisho wa ekstensheni nzima, siyo wa kila tundu.

Sasa tuchukue hita mbili, kila moja ya Wati 2000, zilizochomekwa katika ekstensheni hiyo moja. Jumla ni Wati 4000. Gawa kwa 230, wapata zaidi ya Ampea 17. Waya wa Ampea 13 umebebeshwa 17. Nao haulalamiki kwa sauti. Hupata moto tu, polepole, hasa pale plagi inapokutana na soketi. Tena joto la waya halikui sawa na umeme upitao: umeme ukiwa mara mbili, joto huwa mara nne.

Marekani hesabu ni nyingine, kwa maana msukumo wa soketi zao ni Volti 120 tu. Kwa sababu msukumo ni mdogo, kazi ile ile huhitaji Ampea nyingi zaidi. Hita ya kawaida huko ni ya Wati 1500. Gawa kwa 120, wapata Ampea 12 na nusu. Njia moja ya umeme katika nyumba nyingi imewekewa Ampea 15, na mara nyingi njia hiyo moja hulisha soketi zote za chumba. Kwa hiyo hita moja imekwisha kula karibu njia nzima. Ukichomeka pasi katika soketi nyingine ya chumba kile kile, umeme utakatika, na kubadili soketi hakutasaidia kitu.

3. FYUZI HULINDA NINI?

Wengi hujibu, “Fyuzi humlinda mtu.” Tulitazame jibu hili vizuri.

Plagi ya Uingereza, yenye meno matatu ya pembe nne na fyuzi ndani yake, ilitangazwa kuwa kipimo cha nchi hiyo mwaka 1947. Ndiyo plagi ile ile tunayoitumia Kenya na Tanzania. Fyuzi yake kubwa ni ya Ampea 13. Lakini umeme uwezao kumwua mtu ni mdogo mno kuliko huo. Vifaa vya kukata umeme unapovuja, vilivyo katika nyumba nyingi za Uingereza, hukata ufikapo Ampea 0.03 tu, kwa sababu zaidi ya hapo moyo wa mtu una hatari ya kusimama. Linganisha 0.03 na 13: fyuzi ile yapitisha zaidi ya mara 400 ya kiasi hicho bila kukatika. Basi fyuzi haikuwekwa kwa ajili ya mwili wa mtu. Iliwekwa kwa ajili ya waya, ili usiungue.

Na hata waya haulindi upesi. Fyuzi ya Ampea 13 haikatiki mara ifikapo 13; ikizidiwa kidogo yaweza kustahimili kwa saa nyingi. Zile hita mbili za Ampea 17 zaweza kuwaka usiku kucha, na fyuzi ikawa nzima hata asubuhi. Kwa hiyo mtu asiseme, “Ingekuwa hatari, fyuzi ingekatika.”

Marekani plagi ya kawaida haina fyuzi kabisa. Mlinzi ni swichi iliyo katika sanduku la umeme, nayo hujikata umeme ukizidi Ampea 15. Mlinzi huyu hajui kitu juu ya ekstensheni uliyoinunua dukani. Kama imeandikwa Ampea 10, nawe umeitia hita ya Ampea 12 na nusu, swichi haitajikata, maana kwake 12 na nusu ni chini ya 15. Waya wako ndio utakaoungua.

Kwa sababu hii imetupasa kusoma maandishi madogo yaliyo juu ya plagi na ekstensheni. Na mtu asiweke fyuzi ya Ampea 13 mahali pa Ampea 3 kwa kuwa ile ndogo yakatika kila mara. Fyuzi ikatikayo kila mara yatuambia ya kwamba chombo kina kasoro au kimezidishiwa.

4. HITA

Siku ya Jumapili, tarehe 9 Januari 2022, moto ulizuka katika nyumba ya orofa 19 mtaani Bronx, mjini New York. Wakuu wa zimamoto walieleza ya kwamba chanzo kilikuwa hita ya umeme katika chumba cha kulala. Watu 17 walikufa, na 8 kati yao walikuwa watoto. Wengi wa wakaao humo walikuwa jamaa zilizotoka Afrika, hasa nchi ya Gambia. Moto wenyewe haukwenda mbali; ulibaki karibu na makao yale ulikoanzia. Moshi ndio ulioua. Mlango wa makao hayo ulibaki wazi jamaa walipokimbia, na moshi ukapanda kwa ngazi mpaka orofa za juu.

Tunajifunza hapo mambo haya:

(a) Hita ichomekwe katika soketi ya ukutani yenyewe, isitiwe katika ekstensheni.

(b) Iwe mbali na kitanda, pazia, nguo na karatasi za zawadi kwa kadiri ya mita moja kila upande. Nguo zisianikwe juu yake. Twajua jaribu hili, maana katika nchi ya baridi nguo za mtoto hazikauki nje.

(c) Izimwe watu wanapolala au wanapotoka. Majilio ni majira ya kukesha, lakini hakuna awezaye kukesha akiilinda hita. Afadhali blanketi la pili.

(d) Shika plagi baada ya nusu saa. Ikiwa ya moto mkononi, au soketi imebadilika rangi, au pana harufu kama ya samaki au ya plastiki iunguayo, zima, chomoa, usiitumie tena mpaka fundi aitazame.

(e) Moto ukizuka, toka na ufunge mlango nyuma yako. Mlango uliofungwa huzuia moshi, na kuwapa majirani nafasi ya kuokoka.

(f) King'ora cha moshi kiwepo, kijaribiwe kila mwezi, na kisinyang'anywe betri kwa ajili ya kitu cha kuchezea cha mtoto. Krismasi betri hutafutwa sana.

5. TAA ZA MTI

Zamani miti ya Krismasi iliwashwa mishumaa, na ndoo ya maji ikawekwa karibu. Mwezi wa Desemba 1882, Edward Johnson, mwenzi wa Thomas Edison katika kazi, aliwasha taa 80 za umeme juu ya mti nyumbani kwake New York, nyekundu, nyeupe na buluu. Hatari ya mwali ilipungua, ila haikwisha.

Tueleze jambo lisilojulikana na wengi. Zile taa za zamani zenye uzi wa moto ndani ya balbu hufungwa kwa mstari mmoja, nazo hugawana msukumo. Tuseme ni balbu 20 kwa umeme wa Volti 240: kila balbu yapata 12. Balbu nyingi za namna hii zimetengenezwa hivi kwamba moja ikifa, umeme hupita tu na nyingine huendelea kuwaka. Twafurahi, “Bado zawaka!” Lakini wakifa wanne, wale 16 waliobaki sasa hugawana Volti 240 ile ile, kila mmoja apata 15 badala ya 12. Huwaka sana, hupata moto sana, na kufa upesi zaidi. Basi balbu iliyokufa ibadilishwe mara moja, kwa balbu ya kipimo kile kile, plagi ikiwa imechomolewa.

Taa za siku hizi za LED hutumia umeme kidogo sana na hazipati moto kama zile. Kama jamaa bado wanazo za zamani, zawadi nzuri kwa nyumba hiyo ni kuwabadilishia.

Hata hivyo, za zamani na za sasa zote zina waya mwembamba ambao kwa miezi kumi na mmoja umekaa umekunjwa katika sanduku. Zitandazwe juu ya meza kabla ya kutundikwa, na zipitiwe kwa macho na kwa vidole, zikiwa hazikuchomekwa. Waya ukiwa umepasuka ngozi, seti hiyo itupwe, isifungwe utepe. Za ndani zisitundikwe nje kwenye mvua na theluji. Waya usipitishwe chini ya zulia, kwa maana hapo hukanyagwa na kusagika, wala joto lake halina pa kutokea. Wala usibanwe na mlango au dirisha.

Mti wa kweli unywe maji kila siku. Mti mbichi huwaka kwa shida. Mti uliokauka huteketea wote katika muda usiofika dakika moja. Usisimame karibu na hita, wala mbele ya mlango wa kutokea.

6. ZAWADI ZINAZOVUKA BAHARI

Jambo hili latuhusu sisi tulio huku pia. Jamaa akija likizo kutoka Marekani huleta taa za Krismasi kwa mama yake. Taa hizo zimeandikwa Volti 120. Soketi zetu ni za Volti 230 hadi 240. Mtu hununua adapta, meno yakaingia vizuri, na hapo ndipo balaa. Adapta ya namna hiyo hubadili meno ya plagi tu; haibadili msukumo wa umeme. Msukumo ukiwa karibu mara mbili, joto huwa karibu mara nne. Balbu huungua mara moja, na waya waweza kushika moto.

Kinyume chake, anayechukua pasi au birika la huku na kwenda nalo Marekani ataona halipati moto, maana lapewa robo tu ya nguvu yake. Chaja nyingi za simu zimeandikwa 100–240. Hizo hufaa pande zote mbili. Basi kabla ya kufunga mzigo, geuza chombo, usome namba.

7. UMEME UKIKATIKA

Baridi kali huja na dhoruba, na dhoruba hukata nyaya. Desemba 2006 dhoruba ya upepo ilikata umeme kwa jamaa nyingi sana katika eneo la Seattle, Marekani. Baadhi yao, hasa wahamiaji, waliingiza ndani majiko ya mkaa au jenereta ili kupata joto. Wengi walipelekwa hospitali, na wako waliokufa. Hawakuuawa na moto, bali na hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Gazeti la mji huo likachapisha onyo katika ukurasa wa kwanza kwa lugha kadhaa, mojawapo ikiwa Kisomali.

Sisi tumezoea jiko la mkaa. Jikoni kwetu mna nafasi chini ya paa, na mlango hukaa wazi. Nyumba ya nchi ya baridi imezibwa kila tundu ili upepo usiingie. Basi na sumu haitoki. Kichwa kikianza kuuma na watu kulegea, wengi hudhani ni uchovu, wakalala, wasiamke. Mkaa usiingizwe ndani kabisa, hata kwa dakika chache. Jenereta iwe nje, mbali na madirisha. Jamaa wakae pamoja katika chumba kimoja, wavae nguo nyingi, au waende kwa jirani mwenye joto. Na hita zizimwe kwenye swichi, maana umeme ukirudi usiku zitawaka zenyewe, pengine chini ya blanketi lililoanguka.

8. LIKITOKEA JAMBO

Mtu akishikwa na umeme, usimguse. Zima swichi kuu kwanza, au chomoa plagi kama yafikika bila kumgusa. Kisha ita msaada: 999 Uingereza, 911 Marekani. Chombo cha umeme kikishika moto, usikimwagie maji. Kama waweza kuzima umeme bila hatari, zima. Kama huwezi, toka, funga mlango, piga simu. Vitu hununuliwa tena.

KAZI YA NYUMBANI

Kila mmoja achague soketi moja nyumbani mwake, aorodheshe vyombo vyote vinavyochomekwa hapo, aandike Wati za kila kimoja, ajumlishe, kisha agawe kwa Volti za umeme wake. Jibu lilinganishwe na Ampea zilizoandikwa juu ya ekstensheni.

MASWALI YA KUJADILIANA (Umoja wa Mama, Vijana, na vikundi vya nyumbani)

1. Jamaa wana ekstensheni ya Ampea 13 kwa Volti 230. Wametia televisheni ya Wati 100, taa za mti za Wati 60, na hita ya Wati 2000. Mgeni ataka kuongeza birika la Wati 2200. Mtamjibu nini, na kwa hesabu gani?

2. Kwa nini swichi ya Ampea 15 haiwezi kuulinda waya wa Ampea 10?

3. Mama mzee anayekaa na mwanawe Uingereza asikia baridi usiku, naye aogopa kumwambia mkwewe kwamba hita yazimwa mapema mno. Jamaa wafanye nini ili asipate baridi, wala nyumba isipate hatari?

4. Huku kwetu, miezi ya Juni na Julai, wako watu wa Njombe na wa Lushoto walalao na jiko la mkaa chumbani. Ni nani katika mtaa wetu atakayekwenda kuzungumza nao, na lini?